Ruhusa ya Mfalme

Chumba chetu cha kazi hakiingii hewa. Kuta zimevikwa magodoro kutoka sakafuni hadi darini, dirisha limezibwa kwa blanketi, na feni hairuhusiwi kuwashwa kwa sababu kipaza sauti kinasikia kila kitu, hata tumbo la mtu likinguruma. Humo ndimo nilimokaa umalkia miaka yote hii, jasho likinitiririka mgongoni, miguu peku ili viatu visipige kelele.

Kazi yetu ni kuingiza sauti. Tamthilia zinatoka ng'ambo, wenyewe wanasema lugha yao, sisi tunaiondoa na kuweka yetu. Mimi ni wanawake wote. Malkia ni mimi, kijakazi wake mimi, mchawi wa pangoni mimi, na mtoto mchanga akilia ujue bado ni mimi. Kuna siku nilijitukana, nikajizaba kofi, nikajiomba msamaha, yote hayo kabla ya chai ya saa nne. Nikirudi nyumbani sina hamu ya kuzungumza na mtu.

Wanaume karibu wote alikuwa mmoja, tuliyemwita Kinanda. Ukimbonyeza huku anatoa mzee, ukimbonyeza kule anatoa mlevi. Mwili wake ulikuwa wa kawaida, ndevu zimeshaingia mvi, tumbo limeanza kumtangulia mlangoni, na ukikutana naye sokoni usingemgeukia mara mbili. Lakini akifungua kinywa, watu wanasimama. Aliwahi kukosana na muuza viatu, akapandisha sauti kidogo tu, na muuza viatu akamwambia, "Samahani, mtukufu." Tulicheka wiki nzima.

Tamthilia iliyotupa jina inaitwa Mto wa Kiapo. Kuna mto wa miungu, na maji yake hayaguswi ila kwa amri ya mfalme. Mwaka wa ukame, mdogo wake mfalme akafungua lango la mto kwa siri ili watu wa bondeni wanywe. Kaka mtu alikuwa ameshakula kiapo mbele ya miungu: atakayefungua lango atafukuzwa, na akivuka kurudi atauawa, awe nani awe nani. Akamfukuza ndugu yake wa tumbo moja. Mama yao, malkia mkongwe, ndiye mimi, na kazi yangu kubwa ni kulia. Kaka mtu ni Kinanda. Na mdogo mtu pia ni Kinanda.

Usishangae, ndivyo tunavyofanya kazi. Watu ni wachache, majina ni mengi. Mfalme alimpa sauti yake mwenyewe, hii nzito anayoombea chumvi mezani. Mdogo mtu akampa sauti nyingine kabisa, nyepesi, yenye uchangamfu ndani yake hata kwenye huzuni. Nilimuuliza aliitoa wapi. Akaniambia, "Ndiyo sauti niliyotoka nayo nyumbani. Nilikuwa nayo nilipokuwa kijana, ikanipotea huku mjini." Ili aipate tena ilimbidi atabasamu. Bila tabasamu haitoki, inatoka ya mfalme. Kwa hiyo mdogo mtu akilia, akiomba, akilala njaa porini, Kinanda husimama mbele ya kipaza sauti ameachia meno yote nje. Wageni waliokuja kututembelea walidhani ana kichaa.

Sasa nikueleze kitu tunachokiita mgongo, maana bila hicho hutaelewa lolote. Mtu kwenye picha akituonyesha uso, maneno yetu lazima yakae kwenye midomo yake. Mwongozaji wetu tulimpachika jina la Bwana Midomo kwa sababu maishani mwake hajawahi kumtazama mtu macho. "Midomo haijakaa," ndiyo salamu yake. Lakini mtu akigeuka akatupa mgongo, midomo haionekani, na hapo unaweza kuongeza neno lako na dunia isijue. Na huyo mdogo mtu, kila jioni ilipokaribia kwisha sehemu, alikuwa anasimama ukingoni mwa mto, uso kwenye maji, mgongo kwetu, akizungumza na mama yake aliye ng'ambo ya pili.

Siku moja maneno ya kwenye karatasi yaliisha na mgongo bado upo. Bwana Midomo akasema kwenye spika, "Jaza, jaza." Kinanda akatabasamu, akasema, "Mama, umekula?"

Bwana Midomo alicheka, akaiacha. Watazamaji wakaipenda kupita kiasi. Mitaani watu wakawa wanasalimiana hivyo, konda na abiria, mwalimu na wanafunzi. Tangu hapo kila mgongo wa mdogo mtu Kinanda akawa anautia la kwake. Mama, leo kumekuwa na baridi, vaa sweta. Mama, goti linaendeleaje? Mama, nitakuja, nikipewa ruhusa tu. Watu walidhani ni ufundi wa mwandishi wa ng'ambo. Sisi wa chumbani tulijua anaongea na nani.

Mama yake aliishi mbali na mjini, na dada mdogo wa Kinanda ndiye aliyemtunza. Bibi huyo alikuwa ameanza kupotewa na miaka. Majina aliyajua yote, nyimbo zote, hata bei za vitu vya zamani, lakini kwake mwanawe alikuwa ameondoka nyumbani juzi tu, kijana mwembamba na begi moja. Na jioni ile ya kwanza, aliposikia "Mama, umekula?" ikitoka kwenye televisheni, aliweka kikombe chini akajibu, "Nimekula, baba. Wewe je?"

Dada mtu alipiga simu huku analia na kucheka. Kuanzia siku hiyo, muda wa tamthilia ukifika, alikuwa anapiga na kuweka simu juu ya televisheni. Sisi tulikuwa bado kazini. Kinanda alikuwa akitoka kwenda kusimama kwenye ukumbi mwembamba ulio kati ya choo na chumba cha mitambo, paji la uso limegusa ukuta, simu sikioni. Huko alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, na mama yake akijibu. Nilipita hapo mara nyingi nikielekea chooni, na nikajifunza kupita kimyakimya.

"Si uongee naye tu kwenye simu?" nilimuuliza.

"Nilijaribu. Nilimwamkia, akamrudishia dada simu. Akamwambia, kuna mtu mzima hapa anataka kuongea na wewe."

"Basi mpe ile sauti nyingine."

"Nimdanganye mama yangu?"

"Mbona kwenye televisheni unamdanganya kila siku?"

"Ile ni kazi," alisema. Hapo ndipo nilipotaka kumrushia kiatu, ila kama nilivyosema, kazini hatuvai viatu.

Na kwa nini hakwenda kumwona? Ndilo swali nililomuuliza mpaka likachakaa. Jibu lilikuwa lile lile: nikimaliza msimu huu. Msimu ukaisha, ukaja msimu. Tamthilia ilikuwa ya kila siku, na Kinanda akiondoka ufalme mzima unabaki bubu, mfalme, mdogo wake, walinzi na nusu ya miungu. Pia dawa za mama zilitoka kwenye koo lile lile. Roho iliniuma. Wangu mama ameshatangulia, nami pia nilikuwa na kipindi ambacho nilisema nikimaliza hili nitakwenda. Mshika mbili moja humponyoka, na inayoponyoka mara nyingi ndiyo isiyoweza kukufukuza kazi.

Kisha zikaja karatasi za sehemu mpya. Bwana Midomo alizigawa, na mimi nilisoma nikiwa nimesimama. Malkia anaugua. Mdogo mtu anavuka mto usiku kuja kumwona. Walinzi wanamkamata mlangoni kwa mama yake, mkono ukiwa umeshashika kitasa. Mfalme anamhukumu afe.

Kinanda alisoma yake taratibu, akazikunja, akaziweka mfukoni. Tulikuwa tunakunywa chai na hakuna aliyemalizia kikombe.

Jioni dada mtu alipiga. Alikuwa ameshaona tangazo. Kinanda akaweka spika, nadhani alitaka mtu mwingine asikie pamoja naye.

"Kaka, ni kweli wanamuua?"

"Kweli."

"Sasa nimwambie nini Mama?"

Mimi nikaingilia, maana mdomo wangu hauna kizuizi. "Mwanangu, siku hiyo si uzime tu televisheni?"

"Shangazi, umeme ulipokatika wiki iliyopita alivaa kanga ya kutokea, akasema anakwenda mtoni kumtazama. Nilimkamata getini. Nikizima atakwenda. Kaka, njoo. Uwe hapa siku hiyo. Akisikia umekufa, ageuke akuone umekaa naye. Mimi sina dawa nyingine."

Kinanda alisema, "Nitakuja." Safari hii hakuongeza neno la msimu, na kwa mara ya kwanza nilimwamini.

Asubuhi alimwendea Bwana Midomo. Kwanza aliomba mdogo mtu asife. Bwana Midomo alimtazama midomo kwa huruma, akamwonyesha picha: upanga upo, damu ipo, mwili umelala. Huwezi kumwingizia marehemu sauti. Basi akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Bwana Midomo si mtu mbaya, na mimi nampenda siku ambazo simchukii. Alisema, "Nimalizie hukumu, nimalizie na maombolezo ya mfalme, kisha nenda ukae hata mwezi. Siwezi kumbadilisha mfalme katikati ya hukumu, watu watanila nyama." Kinanda akakubali. Ilikuwa haki, na alikuwa mtu wa haki kupita kiasi.

Tulirekodi hukumu. Alianza na mfalme. Akasimama wima, mikono nyuma, akasema kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya kuombea chumvi, "Damu yangu ni yako, lakini kiapo changu si chako. Utakufa." Midomo ilikaa mara ya kwanza. Kisha akanywa maji, akafuta uso, akatabasamu, akawa mdogo mtu, akaanza kumbembeleza huyo huyo aliyekuwa yeye dakika chache nyuma. Mimi nililia machozi ya malkia, yakaja ya kwangu humo humo, na Bwana Midomo akasema vizuri sana.

Neno la mwisho la mdogo mtu lilikuwa mgongo. Amepiga magoti, uso kwa mfalme, mgongo kwetu. Karatasi ilisema: "Kaka, timiza kiapo chako." Palikuwa na nafasi pana baada ya hapo, unaweza kupitisha gari. Nilimtazama Kinanda, nikamfanyia kwa mdomo: sema. Sema neno la mama. Aliniona. Akasoma kilichoandikwa, akafunga mdomo, tabasamu likabaki usoni halina kazi.

Nje nilimvaa. "Umeshindwa nini? Mgongo mzima ule!"

"La mama nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nitakuwa nimekaa naye bega kwa bega. Kwa nini nimtumie televisheni na miguu ninayo?"

Lilikuwa jibu zuri.

Siku ya safari ndiyo ilikuwa siku ya hukumu kuonyeshwa. Basi letu lilikuwa la asubuhi. Nasema letu kwa sababu alikuja kwangu siku moja kabla, akasimama mlangoni akichezea kofia, akasema, "Nisindikize. Naona haya kuingia peke yangu." Mwanaume mzima, mfalme wa watu. Nikafunga begi.

Asubuhi hiyo Bwana Midomo akapiga simu. Maombolezo hayajakaa. Sehemu tatu mfalme anafungua mdomo na sauti haipo, ilikuwa lazima irudiwe, ni kidogo tu. Nilimwambia Kinanda mwache apasuke. Nilisema maneno mengine pia ambayo malkia hawezi kuyasema. Akaniambia, "Nimempa neno langu. Dakika chache, tunapanda basi la pili." Nikamfuata nikiwa na begi kichwani kama mwendawazimu.

Dakika chache zikazaa. Mfalme aliyemuua ndugu yake analia usiku kucha jumbani, na kilio ndicho kitu kigumu kukiweka kwenye midomo ya mtu. Kinanda alilia kwa nguvu, akalia kwa kunong'ona, akalia amekaa, akalia amesimama, mpaka koo likakauka, sauti ikabaki mikwaruzo. "Hapo hapo," alisema Bwana Midomo kwa furaha. "Hiyo ndiyo nilikuwa naitaka." Tulipotoka, jua lilikuwa limeshapinda.

Njiani alishika mfuko wa zawadi mapajani, sweta la mama, la rangi ya samawati, akawa analikunja na kulikunjua. Mara moja tu alinigeukia akasema kwa ile mikwaruzo, "Unadhani atasema nini?" Nikamwambia atakuuliza umekula.

Tulishuka jua likizama. Kwao ni mtaa wa nyumba zilizobanana, madirisha yanatazama njia, na muda ule kila dirisha lilikuwa na televisheni, na kila televisheni ilikuwa na Mto wa Kiapo. Tukaisikia tangu kona ya kwanza. Sauti ya Kinanda ilitoka kwenye nyumba ya kushoto, ikaendelea kwenye nyumba ya kulia, ikatupokea kwa fundi baiskeli, ikatusindikiza mpaka kwa muuza mkaa. Damu yangu ni yako. Akaanza kutembea haraka. Lakini kiapo changu si chako. Akaanza kukimbia, tumbo na mfuko na vyote, anakimbizana na sauti yake mwenyewe. Watu waliokuwa madirishani hawakumtazama hata kidogo. Walikuwa wanamsikiliza.

Tulipofika getini, dirishani kwao kulikuwa na kilio changu. Nikajua tumechelewa, maana malkia halii vile mpaka upanga uwe umeshashuka.

Dada mtu alifungua, macho mekundu, akatupisha bila salamu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya televisheni, mdogo, kichwa cheupe, mikono imelala mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekataa chakula.

Kinanda akapiga magoti mlangoni. Safari nzima alikuwa akijiandaa, na akasahau kitu kimoja tu. Akasema kwa sauti aliyokuwa nayo, nzito, iliyokwaruzwa na maombolezo, "Shikamoo, Mama."

Bibi aligeuka. Alimtazama ndevu, tumbo, kofia mkononi.

"Nani amemfungulia huyu mlango?"

"Mama, ni mimi. Ni mwanao."

"Mwanangu umemuua sasa hivi. Nimekusikia kwa masikio yangu haya."

"Mama," dada mtu akasema, "ile ni tamthilia tu, huyu ni Kaka—"

"Usinifundishe sauti. Ni huyu. Alisema utakufa, na kijana akafa." Akamgeukia tena Kinanda, wala hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepiga kelele. "Kila jioni nilimwambia njoo. Kila jioni ananiambia, Mama, nitakuja, nikipewa ruhusa. Siku zote ananiambia hivyo. Nani alikuwa anamnyima ruhusa, kama si wewe?"

Nikaona nimsaidie, nikasogea, nikasema kwa upole wangu wote, "Mama, hebu msikilize kwanza." Ningejikata ulimi.

"Na wewe!" alisema bibi. "Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha dhahabu, unalialia tu. Mtoto anauawa mbele yako huinuki? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe hukumzaa yule."

Sikumzaa, ni kweli. Nikarudi nyuma mpaka nikakutana na ukuta.

Kinanda alikuwa bado amepiga magoti. Nilidhani ataeleza, ataapa, atatoa kitambulisho. Akasema, "Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyemnyima."

"Basi toka nyumbani kwangu."

Akatoka. Nilimkuta uani karibu na pipa la maji, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mfuko wa sweta umebanwa kifuani. Hakuwa analia, kilio chote alikuwa amempa Bwana Midomo asubuhi. Ndani tulimsikia bibi akimwambia binti yake amtafutie kanga ya kutokea. Anakwenda mtoni kumchukua mwanawe, hawezi kumwacha alale nje.

"Mpe ile sauti," nilimwambia.

"Haipo. Koo limekufa."

"Ilikuwa haitoki kooni. Wewe mwenyewe ulinieleza."

"Na akiniona uso? Amesema ni mimi."

"Asikuone basi. Mpe mgongo."

Kisha akapiga moyo konde, akainuka. Tukapita jikoni, mlango unaoingilia chumba kile kwa nyuma. Bibi alikuwa amesimama, amejifunga kanga, anahangaika na viatu. Dada mtu akazima televisheni. Kinanda akaingia kinyumenyume, mtu mzima yule, akishika fremu ya mlango, akakaa sakafuni, mgongo kwa mama yake, uso kwangu mimi niliyebaki jikoni.

Kwa hiyo niliyeuona uso ni mimi peke yangu. Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. Akajaribu tena. Upande mmoja ukainuka, wa pili ukashuka. Nimeona mabondia wakiinuka chini wakiwa na nafuu kuliko ile. Nikamtabasamia mimi, nikaachia meno yote nje kama anavyofanya yeye, huku machozi yananiingia mdomoni, na akanifuata. Likaja. Na sauti ikaja nyuma yake, nyembamba, yenye ufa, lakini ni yenyewe.

"Mama, umekula?"

Kiatu kilianguka.

"Sijala," bibi alisema. "Nitakulaje, na wewe hujafika?"

"Nimefika."

"Yule mfalme yuko wapi?"

"Ameondoka, Mama."

"Asirudi hapa."

"Hatarudi."

Nilisikia kanga ikiburuza sakafuni. Alikaa chini nyuma yake kwa shida, akaweka kiganja katikati ya mabega yake, akakipitisha juu na chini, kama mtu anayepima shuka. "Umeloa jasho," alisema. "Ulikuwa unakimbia?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Geuka nikuone."

Tabasamu lilitaka kumtoroka. Alinitazama, na mimi sikuwa na karatasi ya kumpa. "Acha kwanza nikae hivi, Mama. Nimechoka."

"Geuka, baba. Mimi nimengoja."

Akageuka. Sikumwona tena uso, nikauona wa bibi. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akampeleka kwenye mwanga wa taa, akamkagua. Vidole vyake vikaingia kwenye zile ndevu, vikasimama kwenye mvi, vikaendelea.

"Wamekuzeesha," alisema. "Mwanangu, wamekuzeesha huko."

"Ndiyo, Mama," alisema Kinanda, kwa ile sauti ya kijana.

Bibi akamwita binti yake apashe chakula.

Nilirudi peke yangu. Bwana Midomo aliniuliza mfalme yuko wapi, nikamwambia atafute mwingine. Akampata, kijana mwenye kifua kizuri, na watu walilalamika wiki mbili kisha wakazoea. Kinanda alipata kazi huko huko ya kutangaza majina ya magari kituoni, na hapo anatumia sauti yake ya kawaida. Lakini dada mtu ameniambia akifika getini anasimama kidogo, anafuta uso, anatabasamu, ndipo anaingia. Ndani ya nyumba ile haongei kwa sauti nyingine yoyote, hata akiwa usingizini anajitahidi. Akisahau, bibi huinua kichwa na kutazama mlango.

Tamthilia bado inaendelea, na mimi bado nalia ndani yake. Jioni nyingine, muda wa zamani ukifika, dada mtu hunipigia kwa huruma yake na kuiweka simu juu ya televisheni iliyozimwa. Nakwenda kusimama kwenye ukumbi ule kati ya choo na chumba cha mitambo, naweka paji la uso ukutani, pale pale pa Kinanda, pana alama ya mafuta. Nasikia sahani. Nasikia kiti cha kamba. Kisha nasikia bibi akiuliza, "Umekula?"

Juzi nilijikuta nimejibu, kwa sauti ambayo si ya malkia wala ya kijakazi wala ya mchawi. Nilisema, "Bado, Mama." Aliyekuwa anapita nyuma yangu kwenda chooni akapita kimyakimya.